Zakopane kwa siku nne mwisho wa Septemba: nipange vipi?

MsafiriWaRongai

Habari zenu wadau. Mwisho wa Septemba nitakuwa Kraków, Polandi, kikazi, na nikimaliza nina siku nne wazi, Alhamisi hadi Jumapili, kabla ya ndege ya kurudi Nairobi. Nataka kuzitumia Zakopane. Nimesoma kwamba ni mji wa watu kama elfu ishirini na saba tu, chini ya milima ya Tatra, lakini kila ukurasa unasifu kitu chake na sipati picha nzima.

Ningependa kujua mji wenyewe ulitoka wapi, maana kutembea mahali bila kujua hadithi yake ni kupoteza nauli. Halafu, kati ya ziwa la Morskie Oko, kilele cha Giewont na gari la kamba la Kasprowy Wierch, nichague lipi? Na maandalizi? Nikitazama vimo sioni milima ya kutisha. Kasprowy ni mita 1,987, hata Limuru iko juu zaidi. Raba za kawaida si zinatosha?

Kijia

Raba hazitoshi, na tuanzie hapo kabla ya mengine, kwa sababu hesabu hiyo ya mita ndiyo inayowaponza wageni.

Kwa mita uko sawa. Katikati ya Zakopane ni kama mita 840 kutoka usawa wa bahari, nusu ya Nairobi. Morskie Oko liko mita 1,395, bado chini ya Nairobi. Rysy, mahali pa juu kuliko pote Polandi, ni mita 2,499, na Ngong ni 2,460. Pumzi haitakusumbua hata kidogo. Lakini Tatra iko nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta. Miti inakoma kwenye mita 1,550 hivi, inafuata misonobari mifupi iliyolala chini kama kichaka, halafu nyasi, halafu mwamba mtupu. Huku kwetu mita 2,400 ni malisho ya ng'ombe na mitambo ya umeme wa upepo. Kule ni matale yaliyochongoka, na katika mabonde yasiyopata jua unaweza kukuta theluji ya msimu uliopita mwezi wa Agosti. Kwenye Mlima Kenya, mandhari ya namna hiyo unaanza kuyaona ukishapita mita 4,000.

Mwisho wa Septemba ni wakati mzuri, tena pengine ndio bora: watu wamepungua, majani yanageuka rangi, radi za mchana za kiangazi zimetulia. Ila mjini unaweza kuwa umevaa shati na jua linawaka, huku juu kuna ukungu, nyuzi sifuri, na utando wa barafu juu ya mawe usioonekana mpaka uukanyage. Theluji ya kwanza nayo inaweza kuanguka vileleni wakati huo. Raba zinashindwa hapo. Soli yake ni laini na haina meno, na njia za huko zimesuguliwa na viatu vya mamilioni ya watu mpaka jiwe linang'aa. Giewont ni mwamba wa chokaa, na chokaa iliyosuguliwa ikilowa ni sabuni.

Beba buti zenye soli ngumu ya meno, na uwe umezivaa walau wiki mbili kabla ya safari. Nguo za tabaka: ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za viwandani, isiwe pamba, kwa sababu pamba ikinyonya jasho haikauki na upepo ukikupata unaganda. Juu yake sweta, na juu kabisa jaketi lisilopitisha mvua. Glavu na kofia, hata kama asubuhi utajiona mjinga kuvibeba. Maji lita moja na nusu. Tochi ya kichwani yenye betri mpya, maana jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya msitu giza linaingia mapema kuliko hapo. Tena kuanzia 1 Machi hadi 30 Novemba hairuhusiwi kuwa kwenye njia za hifadhi usiku, tangu jua kuzama mpaka alfajiri. Ni kwa ajili ya wanyama, wakiwemo dubu.

Jambo lingine linalopoteza wengi: njia zina alama za rangi kwenye miti na mawe, nyekundu, bluu, kijani, njano na nyeusi. Rangi hizo hazionyeshi ugumu. Ni za kutofautisha njia moja na nyingine tu. Barabara ya lami ya kwenda Morskie Oko, ambayo watu wanasukuma vigari vya watoto, ni nyekundu. Orla Perć, njia ya minyororo na ngazi za chuma ambayo imeua zaidi ya watu mia moja tangu ilipotengenezwa mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo ni nyekundu. Soma ramani, usisome rangi.

Kabati_la_Vitabu

Kijia ameshakuvalisha, mimi nikusimulie mji.

Kwanza matamshi, maana hapo anayesema Kiswahili ana bahati: Kipolandi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Zakopane isome ilivyo, za-ko-PA-ne. Kumbuka tu kwamba w ni v, ł ni w, ó ni u, c peke yake ni ts, cz ni ch na sz ni sh. Mtaa wa Krupówki unakuwa "krupufki", na kitongoji cha Kuźnice "kuzhnitse". Konda akikusikia unaitamka sawa hakuulizi mara ya pili.

Kwa karne kadhaa hapakuwa na cha kuitwa mji. Walikuwepo górale ("gurale"), watu wa milimani, wenye lahaja yao, muziki wao wa fidla na kondoo wao. Mifugo ilipandishwa malishoni baada ya baridi na kuteremshwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba. Safari hiyo inaitwa redyk na ingali inafanywa. Kwa tarehe zako unaweza kukuta kundi limefunga barabara, kengele zinalia, mbwa weupe wakubwa pembeni. Mtu wa Kajiado hahitaji kuelezwa. Pale Kuźnice palikuwa na viwanda vya chuma, na ndiyo maana ya jina lenyewe: karakana za wahunzi.

Sasa ujue kwamba toka 1795 mpaka 1918 Polandi haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana. Upande huu uliangukia Austria, na baada ya miaka ya 1860 Austria iliwaachia Wapolandi wake nafasi ya kusoma na kujipanga kwa lugha yao kuliko wale wengine wawili. Ndiyo sababu kijiji cha wachungaji pembeni mwa dunia kiligeuka mahali ambapo Wapolandi wa pande zote tatu walikutana wakijifanya wanakuja kuvuta hewa.

Na hewa kweli waliivuta. Tytus Chałubiński, daktari wa Warsaw, alisaidia wanakijiji wakati wa kipindupindu mwaka 1873, na akawa anawaleta wagonjwa na marafiki zake akiamini hewa ya milimani inatibu kifua kikuu. Mwaka huohuo kikaundwa Chama cha Tatra. Mwaka 1886 Zakopane ikatangazwa rasmi kuwa kituo cha tiba ya hewa. Reli ikafika 1899. Mwaka 1902 kikafunguliwa kituo kikubwa cha wagonjwa wa kifua jirani yake, Kościelisko, kilichoanzishwa na Kazimierz Dłuski na mkewe Bronisława, ambaye ni dada yake mwanasayansi Maria Skłodowska-Curie. Sanamu ya Chałubiński iko mjini. Chini yake ameketi mzee na kifidla chake: huyo ni Sabała, msimulizi na mwongozaji wa milimani aliyekuwa rafiki yake. Wageni wengi wanaipiga picha bila kujua ni nani.

Mtu wa pili wa kumjua ni Władysław Zamoyski. Mwaka 1889 mashamba na misitu ya Zakopane ilipigwa mnada, misitu yenyewe imeshaanza kukatwa vibaya. Zamoyski akashinda kwa kumzidi mwenye kiwanda cha karatasi, na inasimuliwa mpaka leo kwamba tofauti ilikuwa senti moja. Akarudisha misitu, akasukuma reli ije, akagombania mpaka. Maana upande wa pili, ambao sasa ni Slovakia na wakati huo ulikuwa Hungaria, mwenye ardhi alidai Morskie Oko ni lake. Kesi ilifika mahakama ya usuluhishi mjini Graz, na Septemba 1902 ziwa likaamuliwa kuwa upande wa Galicia, yaani wa Wapolandi. Wakili wao mkubwa alikuwa mwanahistoria Oswald Balzer. Utakapokuwa unatembea kwenda ziwani, barabara unayoikanyaga inaitwa kwa jina lake. Zamoyski alipokufa 1924 mali yake ilikuwa imeachiwa taifa, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tatra, iliyoundwa 1954, kama kilomita za mraba 211.

Wa tatu ni Stanisław Witkiewicz, mchoraji, aliyechukizwa na nyumba za mtindo wa Uswisi zilizokuwa zinajengwa kila kona. Akachukua nyumba ya mchungaji akaikuza: msingi wa mawe, magogo mazima, paa lenye mteremko mkali ili theluji idondoke. Nyumba ya kwanza ni Koliba, 1892 hadi 1893, ambayo sasa ni makumbusho. Ukiingia usikimbilie picha za ukutani. Angalia kati ya gogo na gogo: wameziba upepo kwa kamba zilizosokotwa kwa nyuzi za mbao, zimepangwa sawasawa kama misuko ya nywele. Inua macho kwenye boriti kuu ya dari, sosręb, iliyochongwa ua la petali sita ndani ya duara. Ukishaijua hiyo utaiona kila mahali, mpaka kwenye vibanda vya barabarani. Kanisa dogo la Jaszczurówka, la 1904 hadi 1907, ni kazi yake pia na lina nafasi ya kusimama kwa utulivu kuliko Koliba.

Usikose makaburi ya Pęksowy Brzyzek, nyuma ya kanisa la zamani la mbao, mtaa wa Kościeliska. Unalipa sarafu chache mlangoni. Chałubiński yupo, Sabała yupo, Witkiewicz yupo. Wapo pia watelezaji wa theluji waliogeuka wajumbe wa siri, wakivusha watu na barua kupitia Tatra wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Helena Marusarzówna alipigwa risasi 1941. Bronisław Czech alifia Auschwitz 1944, na hapo pana ukumbusho wake. Kaka yake Helena, Stanisław, aliyeruka dirisha la gereza Kraków akaponea, aliishi mpaka 1993 na akafia makaburini hapohapo akiwa anatoa hotuba kwenye mazishi ya mwenzake wa vita. Mtambo mkubwa wa kuruka kwa skii, Wielka Krokiew, uliofunguliwa 1925, una jina lake.

Zakopane haikupewa hadhi ya mji mpaka 1933. Ila kabla ya hapo ilishajitangazia jamhuri: kuanzia katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Novemba 1918, mwandishi Stefan Żeromski akiwa kiongozi wake, wakati Austria inasambaratika. Mwezi mmoja tu.

MsafiriWaRongai

Asanteni sana. Buti nimekubali. Sasa nipeni mpangilio wa siku, na Giewont mbona hamuisemi?

Kijia

Giewont baadaye. Kwanza ziwa.

Morskie Oko maana yake ni Jicho la Bahari, kwa sababu ya imani ya zamani kwamba kuna mfereji chini ya ardhi unaoliunganisha na bahari. Ni hekta 34.5, kina karibu mita 51, limezungukwa na kuta za mawe pande tatu. Liweke Alhamisi au Ijumaa, Jumamosi usijaribu. Karibu na stesheni utakuta matatu, ndiyo, matatu hasa, zinaondoka zikijaa, kibao cha mbele kimeandikwa Morskie Oko au Palenica Białczańska. Unamlipa dereva taslimu. Panda ya mapema, saa moja au saa mbili asubuhi. Ukichelewa mpaka saa nne, barabara ni msafara kama wa Thika siku ya mwisho wa mwezi. Wenye gari wanapaswa kulipia maegesho mtandaoni kabla, na asiyefanya hivyo anarudishwa. Wewe hilo halikuhusu.

Kutoka getini Palenica ni kilomita 9 za lami, saa mbili hadi mbili na nusu kupanda, chini ya mbili kurudi. Kuna mikokoteni ya farasi kwa sehemu ya njia, lakini kuna mgogoro wa miaka mingi kuhusu mateso ya farasi hao, kwa hiyo usipange siku yako kwa kuitegemea. Kosa la wengi ni kufika kwenye nyumba ya wageni pale ziwani, kununua supu, kupiga picha na kugeuka. Zunguka ziwa kwa kulia au kushoto, na upande wa pili kuna ngazi za mawe zinazopanda mpaka Czarny Staw, ziwa la pili, mita 1,583. Dakika hamsini za jasho. Ukigeuka nyuma unaliona Morskie Oko lote chini yako, kijani kama chupa, na watu wamebaki upande ule wa nyumba. Kutoka hapo njia inaendelea Rysy, na hiyo ni minyororo na siku nzima. Wewe ishia hapo.

Kasprowy Wierch. Gari la kamba lilijengwa kwa kasi ya ajabu, 1935 mpaka Machi 1936, na baraza zima la taifa la kulinda mazingira lilijiuzulu kwa kupinga. Linaanzia Kuźnice, ambako magari binafsi hayaingii, kwa hiyo panda matatu au tembea nusu saa na kidogo. Katikati ya safari unabadilisha gari, kituo cha Myślenickie Turnie. Nunua tiketi mtandaoni yenye saa maalumu. Foleni ya wasio nayo inaweza kula nusu ya siku. Tiketi ya kwenda na kurudi inakupa kama saa moja na dakika 40 tu kule juu, halafu lazima ushuke.

Ushauri wangu ni kununua ya kupanda tu, ushuke kwa miguu. Juu tembea kwanza robo saa kwenye mgongo wa mlima mpaka Beskid, mita 2,012, mguu mmoja Polandi na mwingine Slovakia. Rudi, fuata alama za njano hadi Hala Gąsienicowa, saa moja na nusu, ule chakula kwenye nyumba ya wageni ya Murowaniec. Ukiwa na nguvu ongeza nusu saa mpaka Czarny Staw Gąsienicowy, ambalo kwa macho yangu linashinda Morskie Oko. Kisha shuka Kuźnice kwa bonde la Jaworzynka, njano tena. Kwa jumla unateremka karibu mita 960, na kesho yake mapaja yatakuambia. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia magoti kuliko dawa yoyote.

Kitu kimoja kinaharibu mpango huo: halny. Ni upepo wa joto unaoporomoka kutoka kusini, hasa vuli na mwishoni mwa baridi. Siku ya halny anga linaweza kuwa safi kabisa, Tatra zinaonekana karibu kama unaweza kuzigusa, na gari la kamba limesimama. Mgeni anadhani ameibiwa. Tazama utabiri wa upepo, si wa mvua peke yake, kabla ya kulipia.

Giewont sasa. Mita 1,894, na ukiwa mjini linaonekana kama mtu aliyelala chali; wenyeji wanasema ni shujaa aliyesinzia. Juu pana msalaba wa chuma wa mita 15 uliosimikwa 1901. Kupanda kutoka Kuźnice ni kama saa tatu na nusu, na mwisho kuna minyororo kwenye ile chokaa ya sabuni, njia moja ya kupanda na nyingine ya kushuka. Foleni kwenye minyororo ndiyo shida: unasimama huna pa kwenda huku hali ya hewa inageuka. Tarehe 22 Agosti 2019 radi ilipiga msalaba na minyororo, na dhoruba hiyo ikaua wanne upande wa Polandi na mmoja upande wa Slovakia, na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, geuka. Shika njia ya kushuka, usishike chuma. Kwa siku zako nne mimi ningeiacha. Ukibaki na Jumapili tulivu na kavu, amka saa kumi na moja, uwe njiani kunapopambazuka, na uwe umeshuka kabla ya saa saba mchana.

MoshiMwembamba

Wadau mmesahau tumbo.

Mtaa wa Krupówki, kama kilomita moja ya kutembea kwa miguu, umejaa vibanda vya jibini ya moshi. Nusu ya wanaosema "oscypek" wanakuuzia kitu kingine. Oscypek ni jina lililolindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2008: lazima maziwa ya kondoo yawe walau asilimia 60, umbo kama pia ya kuchezea, ndefu, iliyochongoka ncha mbili, urefu sentimita 17 hadi 23, uzito gramu 600 hadi 800. Inatengenezwa kuanzia Mei hadi Septemba, kwa sababu kondoo hawana maziwa ya kukamua mwaka mzima. Kwa hiyo kile kidude cha kiganjani kinachouzwa Januari kwa zloti (pesa za Polandi) chache ni jibini ya ng'ombe. Si sumu, ni tamu ikichomwa na kupakwa jamu ya beri nyekundu, lakini usilipe bei ya kondoo. Mwombe muuzaji cheti. Aliye nacho anakionyesha kwa furaha, asiye nacho anaanza kutazama mteja mwingine.

Bora zaidi nenda kwenye bacówka, kibanda cha mchungaji chenye moshi unaotoka kupitia paa lenyewe. Maganda ya oscypek ya huko ni ya rangi ya asali iliyoiva, ukiikata inalia kidogo chini ya kisu, na ina chumvi kwa sababu imelala kwenye maji ya chumvi kabla ya kuning'inizwa motoni siku kadhaa. Aliyekunywa mursik, maziwa ya kibuyu yenye moshi, harufu yake haitamshangaza. Omba pia żentyca, maji ya maziwa yanayobaki.

Ukirudi na baridi agiza kwaśnica, supu ya kabeji iliyochachushwa na mbavu. Kama huli nguruwe, uliza kabla. Mara nyingi nyama ya moshi imo hata pale ambapo menyu inasema kondoo.

Na Gubałówka, ile treni ya kamba ya 1938, dakika tatu na nusu mpaka juu: mandhari ya Tatra nzima ni ya kweli, vibanda vya sumaku za friji navyo ni vya kweli. Panda jioni moja, geuza mgongo kwa vibanda, shuka.

Mhuri

Kabla ya jibini kuna makaratasi. Wewe unakwenda kikazi, kwa hiyo kosa lililo karibu yako ni hili: kuomba viza kwa siku za kazi peke yake. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika Polandi na nchi nyingi za Ulaya, ina tarehe za mwanzo na mwisho, na kando yake idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Idadi hiyo ndiyo inayokufunga. Siku nne za Zakopane ziandike kwenye maombi tangu mwanzo, na uhifadhi wa malazi, tiketi ya ndege na bima vyote vizifikie. Bima isiwe chini ya yuro 30,000. Ada ni yuro 90. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na anayengoja siku 15 anajitafutia presha. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi na ibaki na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka.

Hakuna ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Kraków. Ukipitia mji mwingine wa Schengen, maswali ya uhamiaji utaulizwa huko, si Polandi, kwa hiyo barua ya mwaliko na karatasi za hoteli ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Wengi wanazipakia kwenye sanduku.

Kraków hadi Zakopane: basi linatoka stendi iliyo nyuma ya stesheni kuu na linachukua saa mbili hivi barabara ikiwa wazi. Ijumaa jioni kwenda na Jumapili jioni kurudi, barabara hiyo inasimama. Treni inazunguka zaidi lakini haikwami kwenye foleni. Kwako: nenda Alhamisi asubuhi kwa basi, Jumapili rudi kwa treni, na kama ndege ni Jumatatu alfajiri lala Kraków.

M-Pesa haikufikishi kwa dereva wa matatu ya Palenica. Kadi inapokelewa karibu kila mahali mjini, ila beba zloti taslimu za nauli, choo na jibini. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa zloti, chagua zloti. Ukichagua shilingi kiwango cha kubadilishia ni cha kukukamua. Kwenye nyumba ya wageni utadaiwa pia kodi ndogo ya mji kwa kila usiku. Ni halali, si ujanja. Kiingilio cha hifadhi ni cha kila siku, getini au mtandaoni.

MsafiriWaRongai

Hii ni zaidi ya nilivyotegemea. La mwisho: kule Beskid nikivuka kidogo upande wa Slovakia kuna shida? Na nikiumia nampigia nani?

Kijia

Kwa viza hakuna shida, zote ni Schengen, tembea na pasipoti tu. Shida ni mfuko. Upande wa Polandi waokoaji ni TOPR, walioanzishwa 1909, na kukuokoa ni bure. Upande wa Slovakia unalipishwa, na helikopta si nauli ya boda. Bima ya viza mara nyingi haihesabu uokoaji wa milimani, kwa hiyo soma masharti au nunua nyongeza ya siku hizo nne inayotaja Slovakia kwa jina.

Namba za TOPR ni 985 au 601 100 300. Pakua pia programu ya simu iitwayo Ratunek, inatuma mahali ulipo ukibonyeza. Ukiwa mgongoni mwa mlima simu hurukia mtandao wa Slovakia bila kukuambia, hivyo sema mapema uko upande gani na kwenye njia ya rangi gani. Na namba ziandike kwenye karatasi, uiweke mfuko wa ndani pamoja na simu yenyewe; betri kwenye baridi inaanguka kutoka asilimia 40 hadi sifuri ukiwa unaitazama.

Kabati_la_Vitabu

Nyongeza ndogo: siku ya halny au mvua, wakati Kijia amekukataza kupanda, ndiyo siku ya Koliba, Jaszczurówka na makaburi. Anzia mtaa wa Kościeliska, nyumba za mbao za zamani kabisa ziko hapo, na uende kwa miguu.